Nguvu ya Mawimbi kwa Kila Antena: Namna Kompyuta Inavyoipima na Kuitolea Taarifa

Mtu atumiaye kompyuta iliyounganishwa na mtandao wa pasiwaya huona vijistari vichache pembeni mwa kioo, naye huamini kuwa hivyo ndivyo vipimo kamili vya mawimbi yanayomfikia. Nyuma ya vijistari hivyo mna hesabu ndefu, nayo isipoeleweka yaweza kumficha fundi hitilafu iliyo mbele ya macho yake.

Kipimo chenyewe

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, kwa kulinganishwa na miliwati moja. Miliwati moja huandikwa sifuri. Kila zipunguapo desibeli 10, nguvu hugawanywa kwa 10; zikipungua 3, hubaki karibu nusu. Kwa hiyo -60 ni sehemu moja katika milioni ya miliwati, na -90 ni sehemu moja katika bilioni. Ndiyo sababu namba hizi aghalabu huwa hasi, na iliyo karibu zaidi na sifuri ndiyo yenye nguvu zaidi.

Kwa nini antena ziwe nyingi

Mawimbi ya redio hugonga kuta, mabati na miili ya watu, kisha humfikia mpokeaji kwa njia nyingi. Yanapokutana, pengine husaidiana na pengine huuana. Wimbi la gigahezi 2.4 lina urefu wa sentimita 12.5 hivi, basi antena ikisogezwa sentimita chache tu yaweza kutoka penye nguvu ikaingia penye udhaifu. Antena mbili zilizotengana ni nadra kudhoofika kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, kanuni ya 802.11n iliyopitishwa mwaka 2009 iliwezesha antena kadhaa kubeba mikondo mbalimbali ya habari kwa wakati uleule na katika masafa yaleyale.

Safari ya namba

Kila antena ina njia yake ya kupokelea ndani ya kifaa. Fremu ya habari inapowasili, kikuzaji hupandishwa au hushushwa mpaka mawimbi yafae kusomwa. Kutokana na kiasi cha ukuzaji huo, chipu hukadiria nguvu iliyoingia, kisha huiandika pamoja na fremu. Hapo ndipo huanza kazi ya programu endeshi, yaani ile inayounganisha kifaa na mfumo wa kompyuta.

Chipu hazisemi lugha moja. Kanuni ya kwanza ya 802.11, ya mwaka 1997, haikuweka kizio maalumu cha kipimo hiki, hivyo kila mtengenezaji alijichagulia ngazi yake. Baadhi ya chipu hutaja ni desibeli ngapi mawimbi yamezidi kelele. Programu endeshi hulazimika kujumlisha kiwango cha kelele. Kelele ikiwa -95 na chipu ikasema 40, jibu ni -55. Kwa sababu hiyo, si vyema kulinganisha kwa haraka namba za vifaa vya watengenezaji tofauti.

Katika mfumo wa Linux, programu endeshi hukabidhi mambo matatu: nguvu ya jumla, alama zionyeshazo ni njia zipi zimetoa kipimo, na nguvu ya kila njia, hadi njia nne. Fundi akitoa amri ya «iw» ya kuorodhesha vituo, huweza kuona -52 [-55, -55]. Namba ya kwanza ni ya jumla. Zilizo ndani ya mabano ni za antena moja moja.

Jumla inayoficha

Desibeli hazijumlishwi kama machungwa. Hapana budi kwanza zigeuzwe kuwa nguvu halisi, zijumlishwe, kisha zirudishwe. Antena mbili zenye -55 kila moja huleta nguvu maradufu, yaani -52.

Sasa tuchukue kwamba waya wa antena moja umelegea, ikashuka hadi -85. Nguvu yake imekuwa sehemu moja katika elfu ya ilivyokuwa, lakini jumla imetoka -52 ikawa -55 tu. Tofauti hiyo yaweza kuletwa hata na mtu aliyepita karibu. Tena ziko programu endeshi zisizojumlisha, bali hutoa ile namba kubwa peke yake. Hizo zingesema -55 kabla ya hitilafu na baada yake. Wakati huohuo mikondo miwili ya habari haiwezi tena kutenganishwa, na kasi hushuka hadi nusu au chini zaidi. Jifya moja haliinjiki chungu. Fundi atazamaye namba ya jumla ataona mawimbi mazuri, ailaumu huduma ya mtandao, pengine hata anunue mnara mpya, kumbe dawa ilikuwa kukaza waya.

Yafaa basi namba za ndani ya mabano zisomwe kwanza. Tofauti ya desibeli chache kati ya antena ni jambo la kawaida, nayo hubadilika kila kifaa kisogezwapo. Hivyo itazamwe wastani wa muda, si fremu moja. Lakini tofauti ya desibeli 20 au 30 isiyobadilika, kifaa kiwekwe popote, ni dalili ya waya uliokatika, kiunganishi kilicholegea au antena iliyokufa.