Nyekundu na Buluu za Kwenye Skani

Mpwa wangu alikuja kwangu Ijumaa amebeba bahasha ya skani. Yuko mwaka wa tatu wa ndoa na hajashika mimba. Picha ina duara jeusi, na kandoni madoa mekundu na ya buluu. Kwa mavyaa yake hukumu imeshapita: nyekundu damu nzuri, buluu damu chafu, kasoro ni ya mke. "Khalati, kweli nina damu chafu?" akaniuliza.

Hapana. Rangi hizo hutiwa na mashine. Nyekundu ni damu inayokijia kipimo, buluu ni inayokwenda mbali nacho. Daktari akigeuza mkono, mshipa uleule waweza kubadilika rangi. Ni kama honi ya matatu: ikikujia sauti ni nyembamba, ikishakupita huwa nzito. Christian Doppler wa Austria aliieleza kanuni hiyo mwaka 1842, ndipo kipimo kikaitwa Doppler.

Duara jeusi ni kijifuko cha maji, foliko, na yai limo ndani, dogo mno kuonekana kwa skani. Kila mwezi huanza kadhaa, na kwa kawaida moja hushinda. Hukua kama milimita 2 kwa siku mpaka kufikia milimita 20 hivi, ndipo yai litoke. Subhanallah, tabaka la ndani lililolizunguka yai halina mshipa hata mmoja! Mishipa huishia ukuta wa nje, na chakula hupenya kutoka huko. Foliko inayoshinda hupata mishipa mingi kuliko wenzake, na kwa hiyo homoni nyingi zaidi.

Yai likishatoka, mishipa huingia mpaka ndani. Mabaki ya foliko hugeuka tezi ya manjano inayoandaa kizazi kupokea mimba, na kwenye skani ya rangi huzungukwa na kitu kama pete ya moto. Asiyejua hushtuka, kumbe yaweza kuwa dalili kwamba yai limetoka. (Mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huweza kuonyesha pete hiyo, kwa hivyo aamue daktari, si jirani.) Mimba isiposhika, tezi hunywea baada ya wiki mbili hivi, na hedhi huja.

Kwa hivyo picha moja bila kujua ilipigwa siku ya ngapi tangu hedhi haisemi mengi. Kufuatilia foliko, skani ya kawaida ya kupima ukubwa mara nyingi yatosha. Usilipie rangi kwa sababu ya uzuri wake. Na kwa kuwa kipimo aghalabu huingizwa ukeni, omba daktari wa kike, si aibu.

Niliitazama tena ile bahasha. Makaratasi yote yalikuwa ya mke. Mume hajapimwa mbegu hata mara moja, na kipimo chake ndicho chepesi kuliko vyote. Nilimwambia mpwa wangu safari ijayo waende wawili.