Nakala Rudufu Isiyojaribiwa si Akiba: Mtazamo wa Msimamizi wa Mifumo kutoka Nyakato, Musoma

Na Mwandishi Maalumu, Musoma

Kwa miaka mingi kumbukumbu za mwananchi wa Kata ya Nyakato, katika Manispaa ya Musoma mkoani Mara, zilikaa ndani ya jalada la karatasi kwenye kabati la chuma. Jalada lilipopotea, pengo lilionekana rafuni na mtunza kumbukumbu aliulizwa. Leo sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo, iwe ni mahudhurio ya kliniki ya mama mjamzito, malipo ya kodi ya jengo au matokeo ya mwanafunzi, hukaa ndani ya seva. Zikipotea humo, hakuna pengo linaloonekana kwa macho. Hasara hujulikana siku mwananchi anapofika dirishani kudai haki yake na kuambiwa kwamba mfumo haumtambui.

Kwa sababu hiyo, suala la mahali pa kuhifadhi data, namna ya kutunza nakala rudufu na kiwango cha kumtegemea mzabuni si suala la mafundi wa kompyuta peke yao. Ni suala la haki ya mwananchi. Kwetu sisi tunaosimamia mifumo, mambo hayo matatu hupimwa kwa swali moja tu: je, taasisi inaweza kurejesha data zake zote, kwa mikono yake yenyewe, mahali pengine, na ndani ya muda unaojulikana? Ikiwa jibu ni hapana, vifaa vya gharama kubwa na mikataba minene haviwezi kuwa kinga.

Diski pacha si nakala rudufu

Kosa linalojitokeza mara nyingi katika taasisi ndogo ni kuchanganya uimara wa kifaa na usalama wa data. Seva nyingi huwa na diski mbili au zaidi zilizopangwa ili moja ikiharibika, nyingine iendelee na kazi. Mpangilio huo ni mzuri, kwa kuwa huduma haisimami kwa sababu ya diski moja. Hata hivyo, diski hizo huandika jambo lile lile kwa wakati ule ule. Mtumishi akifuta kumbukumbu kwa bahati mbaya, zinafutika pande zote. Programu hasidi ya kudai fidia ikifunga mafaili, yanafungwa pande zote. Radi ikipiga au moto ukizuka katika chumba cha seva, diski zote zimo ndani ya kasha moja.

Nakala rudufu ni kitu kingine. Ni data za siku au saa fulani zilizotengwa na mfumo unaofanya kazi, ili tatizo linaloukumba mfumo lisizifikie. Wataalamu wengi duniani hufuata kanuni ya tatu, mbili, moja, iliyoenezwa na mpigapicha Mmarekani Peter Krogh: ziwepo nakala tatu za data, katika aina mbili tofauti za vifaa vya kuhifadhia, na angalau moja iwe nje ya eneo la kazi. Kutokana na kuongezeka kwa mashambulizi ya mtandaoni, wengi sasa huongeza sharti jingine: nakala moja isiunganishwe na mtandao wowote, kwa sababu wahalifu hao hutafuta kwanza nakala rudufu kabla ya kuufunga mfumo wenyewe. Ndiyo maana utepe wa sumaku, teknolojia ambayo wengi hudhani imepitwa na wakati, bado unatumika katika vituo vikubwa. Kaseti moja ya kizazi cha LTO-9 hubeba terabaiti 18, na ikitolewa kwenye mashine na kuwekwa kabatini hakuna mhalifu wa mtandaoni anayeweza kuifikia.

Suala la eneo lina uzito wake katika mji uliopo ufukweni. Mwaka 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hadi kiwango kilichovuka kile cha miaka ya 1960, na makazi na miundombinu ya kandokando ya ziwa yakaathirika. Nakala iliyowekwa chumba cha pili cha jengo lile lile haiko nje ya eneo. Kwa ofisi iliyopo Nyakato, nakala ya nje ya eneo ni ile iliyopo Bunda, Butiama au mbali zaidi, mahali ambapo maafa ya siku moja hayawezi kufika kote kwa pamoja.

Funzo kutoka Daejeon

Anayedhani kwamba upotevu wa data ni tatizo la nchi zenye uwezo mdogo aitazame Korea Kusini. Tarehe 26 Septemba 2025 betri zilishika moto katika kituo cha data cha Serikali mjini Daejeon, na mifumo zaidi ya 600 ikasimama. Mifumo iliyokuwa na nakala mahali pengine ilirejeshwa hatua kwa hatua. Lakini hifadhi ya pamoja iliyoitwa G-Drive, ambamo watumishi wa umma walitunza nyaraka zao za kazi, iliteketea ikiwa na terabaiti 858 za data. Hifadhi hiyo haikuwa na nakala nje ya kituo. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kuwekewa nakala.

Sababu hiyo inastahili kutafakariwa na kila mkuu wa taasisi. Data zikizidi uwezo wa kuzitunzia nakala, zimekwisha kuzidi uwezo wa kuzihifadhi. Bajeti ya hifadhi isiyo na kifungu cha nakala rudufu ni bajeti ya nusu ya kazi.

Hesabu ya muda wa kurejesha

Mkuu wa taasisi hahitaji kufahamu aina ya diski zilizopo kwenye seva. Anahitaji kujibu maswali mawili. La kwanza: tukipata maafa leo, tupo tayari kupoteza kazi ya muda gani? Ofisi inayotunza nakala mara moja kwa wiki imekubali, hata kama haijasema, kwamba kazi ya siku saba inaweza kupotea. La pili: tunaweza kukaa bila mfumo kwa muda gani kabla huduma haijamwumiza mwananchi?

Swali la pili lina hesabu ambayo wengi huisahau. Tuchukulie taasisi yenye terabaiti 2 za data, ambayo nakala yake pekee ipo katika hifadhi ya wingu nje ya nchi, na inatumia kiungo cha intaneti cha megabiti 10 kwa sekunde. Hata kiungo hicho kikifanya kazi bila kukatika, kuzirudisha data hizo huchukua takribani siku 18 na nusu. Data zile zile, zikisomwa kutoka diski iliyopo mjini kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde, hurudi kwa saa zisizofika sita. Hifadhi ya wingu ni msaada mkubwa, lakini kwa taasisi ya mbali haipaswi kuwa nakala ya pekee.

Aidha, kiungo chenyewe chaweza kukatika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Siku kama hiyo, huduma inayotegemea seva za ng'ambo huyumba, wakati ile iliyopo ndani ya nchi, ikipitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ina nafasi ya kuendelea.

Akiba inayooza

Wahenga walisema akiba haiozi. Kwa nafaka iliyokauka vizuri hilo ni kweli, lakini akiba ya data huoza. Diski iliyokaa kabatini hupata hitilafu. Kifaa cha kumbukumbu kisicho na sehemu zinazozunguka chaweza kupoteza data kikikaa muda mrefu bila umeme. Toleo la programu hubadilika na nakala ya zamani ikakosa kitu cha kuifungua. Nenosiri la kufungulia nakala huondoka na mtumishi aliyehamishwa. Lililo baya zaidi, kazi ya kutunza nakala inaweza kushindwa kila usiku kwa miezi kadhaa huku taa ya mashine ikiendelea kuwaka.

Dawa ni zoezi la kurejesha. Angalau kila robo mwaka, taasisi itenge kompyuta isiyohusiana na mfumo unaofanya kazi, ichukue nakala ya karibuni na kuirejesha humo. Baadaye idadi ya kumbukumbu ilinganishwe na ile ya mfumo halisi, na kumbukumbu chache zilizochaguliwa bila mpangilio zifunguliwe na mtumiaji wa kawaida, kwa mfano mhasibu au muuguzi, athibitishe kwamba zimekamilika. Muda uliotumika uandikwe. Zoezi lifanywe na mtumishi ambaye hakuuweka mpango wa nakala, akifuata maelekezo ya maandishi peke yake. Akikwama, maelekezo yana kasoro, na ni heri kasoro hiyo igundulike siku ya zoezi kuliko siku ya maafa.

Mtegemea cha nduguye

Kipimo hicho hicho cha kurejesha hufichua utegemezi kwa mzabuni. Taasisi inaweza kuwa na nakala kamili za kila usiku, lakini zikawa katika umbizo linalofunguliwa na programu ya kampuni moja tu, kwa leseni inayolipiwa kila mwaka. Leseni ikikoma, nakala hizo ni kasha lisilo na ufunguo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na methali hiyo inafaa kubandikwa kwenye mlango wa kila chumba cha seva.

Mzabuni si adui, na kampuni huendeshwa kwa faida. Masharti yake hubadilika kwa sababu zisizomhusu mteja wa Musoma. Novemba 2023 kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, ambayo programu yake ya kuendesha seva nyingi ndani ya mashine moja ilikuwa imeenea duniani kote. Mwezi uliofuata uuzaji wa leseni za kudumu ulisitishwa na wateja wakatakiwa kulipia kwa vipindi. Waliokuwa na uwezo wa kuhamia mifumo huria walikuwa na hiari ya kuchagua. Wasiokuwa na uwezo huo walibaki na hiari ya kulipa.

Serikali imekwisha kuonesha kwamba njia nyingine ipo. Kwa muda mrefu usimamizi wa fedha za umma uliendeshwa kwa programu ya Epicor iliyonunuliwa nje. Leo malipo hupitia MUSE, mfumo uliojengwa na wataalamu wa ndani. Vilevile, mwaka 2023 mfumo wa ununuzi wa umma wa NeST, uliojengwa na wataalamu wa Kitanzania, ulichukua nafasi ya TANePS. Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, jukumu la kuratibu na kusimamia jitihada hizo na kuhimiza uzingatiaji wa viwango na miongozo.

Hata hivyo, mfumo wa ndani nao hauna kinga dhidi ya utegemezi. Mfumo ukijengwa na mtaalamu mmoja ambaye peke yake anaujua msimbo wake, mtaalamu huyo amekuwa mzabuni wa pekee hata kama ni mtumishi wa ofisi hiyo hiyo. Akistaafu au akihamishwa, taasisi inabaki mahali pale pale.

Yanayopaswa kuwamo katika mkataba

Wakati mzuri wa kujadili namna ya kuachana na mzabuni ni kabla ya kusaini. Mkataba utamke wazi kwamba data ni mali ya taasisi. Utaje kwamba taasisi inaweza kuzitoa data zote, wakati wowote, katika umbizo la wazi linalosomwa na programu nyingine, bila kulipia. Nenosiri kuu la mfumo na la jina la kikoa liwe mikononi mwa taasisi, likiwa ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri na kutunzwa katika sefu. Msimbo chanzo, au utaratibu wa kuupata iwapo kampuni itafungwa, uainishwe. Kipindi cha makabidhiano mwishoni mwa mkataba kitajwe kwa miezi, na watumishi wasiopungua wawili wafundishwe kuuendesha mfumo.

Utoaji wa data nao ujaribiwe. Mzabuni anapoleta mfumo kwa ukaguzi kabla ya malipo, aombwe atoe data zote za majaribio na taasisi izifungue bila msaada wake. Jaribio hilo la siku moja hueleza zaidi kuliko wasilisho zima la mauzo.

Mahali pa kuanzia kwa ofisi ndogo

Shule, chama cha kuweka na kukopa au ofisi ya kata haihitaji kusubiri bajeti kubwa. Diski mbili za nje zinatosha kwa kuanzia. Moja huwa ofisini kwa nakala ya wiki hii, nyingine hutunzwa katika ofisi ya mbali, na kila wiki hubadilishana nafasi. Diski isiyotumika ichomolewe kabisa. Zote zifungwe kwa usimbaji fiche, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda dhidi ya upotevu na matumizi yasiyoruhusiwa. Nakala rudufu iliyosahaulika garini ikiwa wazi ni taarifa za wananchi zilizoachwa barabarani.

Ofisi hiyo iweke pia daftari la kawaida lenye safu nne: tarehe ya nakala, mahali ilipo, tarehe iliyojaribiwa na jina la aliyeijaribu. Kiongozi anayekagua ofisi hana haja ya kuuliza habari za seva. Aombe daftari hilo na kutazama safu ya tatu. Ikiwa haina kitu, ofisi hiyo bado haina nakala rudufu.