Piga Ukimbie: Hesabu ya Umbali, kutoka Gemu hadi Tambarare ya Malili

Jitu lina upanga na linakujia mbio. Wewe una upinde, na mwili wako hauwezi kustahimili hata mapigo matatu. Ukilikaribia umekwisha, ukitoka mbio bila kugeuka hutaliua kamwe. Wachezaji wa gemu za video wanalijua jibu: geuka, piga, kimbia, geuka tena. Kwa macho ni vurugu tupu, lakini ndani yake mna hesabu safi.

Tuseme jitu linakimbia mita 6 kwa sekunde na wewe 7. Kila unaposimama sekunde moja kufyatua mshale, linakula mita 6 za pengo lenu. Kuzirudisha kunahitaji sekunde 6 za mbio, maana unalizidi kwa mita moja tu kila sekunde. Kwa hiyo unapata mshale mmoja katika kila sekunde 7. Sasa uwe umeruka korongo ambalo jitu haliwezi kuliruka, likalazimika kuzunguka mita 24. Limepoteza sekunde 4, nawe umepiga mishale minne huku pengo likibaki vilevile.

Jitu hujuaje pa kuzungukia? Mwaka 1968 Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael, watafiti wa Stanford Research Institute huko California, walichapisha kanuni iitwayo A*, iliyozaliwa katika kazi ya roboti Shakey. Kwa kila hatua inayowezekana, kompyuta hujumlisha umbali uliokwisha kutembewa na makadirio ya umbali uliobaki, kisha hufuatilia kwanza pale penye jumla ndogo zaidi. Maadui wa gemu nyingi bado huongozwa na kanuni hiyo au jamaa zake. Udhaifu wao ni kwamba kwa kawaida hutafuta njia fupi ya kufika ulipo sasa, si utakapokuwa baada ya sekunde tatu. Kule Kitui, nchini Kenya, kuna Jiwe la Nzambani, mwamba mkubwa uliosimama peke yake, ambao wenyeji husimulia kwamba ukiuzunguka mara saba unabadilika jinsia. Mpiga upinde wa gemu angefurahi kuupata: adui akija kwa kulia, unapita kushoto, na njia fupi aliyoipiga hesabu inakuwa ndefu ghafla.

Tambarare ya Malili haina mwamba wa namna hiyo. Hapa, kando ya barabara ya Mombasa, ndipo mji wa teknolojia wa Konza Technopolis ulipozinduliwa Januari 2013, kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Ni nyasi na migunga, na jicho linafika mbali. Pa kujificha ni haba, kwa hiyo mwenye upinde anahitaji mwenzake wa miguu minne.

Gemu ya World of Warcraft, iliyotoka mwaka 2004, imelipanga jambo hili vizuri sana. Kila adui ana daftari la hasira lisiloonekana, linaloandika nani amemchokoza kiasi gani. Mnyama wa mwindaji humng'ata na kumngurumia ili jina lake liwe juu. Wewe uliye mbali hugeukiwi mpaka hasira juu yako ifike asilimia 130 ya ile iliyo juu ya mnyama wako. Ungekuwa karibu, asilimia 110 ingetosha.

Wawindaji wa Kikamba waliifahamu kazi hiyo zamani. Mbwa wanapomzingira mnyama na kumbwekea, yeye huwaelekezea pembe, na ubavu wake unabaki wazi kwa mshale. Kwenye mshale kulikuwa na sumu iliyochemshwa kutokana na mti wa msunguti. Mwaka 1888 Mfaransa Léon-Albert Arnaud alitenga kutoka kwa miti ya jamii hiyo kiini kiitwacho wabaini. Wabaini huziba pampu inayoitoa sodiamu nje ya seli, pampu ambayo Jens Skou wa Denmark aliigundua mwaka 1957 na kutunukiwa Nobel mwaka 1997. Sodiamu ikijaa, kalisi nayo hurundikana katika seli za moyo, mapigo yanavurugika, na hatimaye moyo unasimama. Mshale mmoja ukishaingia, mwindaji hakuwa na haja ya kumsogelea mnyama. Alihitaji umbali, mbwa na muda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na naiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, lakini akili iliyomo katika ufundi ule inastahili kusomwa.

Isitoshe, tambarare yenyewe si tupu kama inavyoonekana. Udongo mweusi wa huku ukinyeshewa hunata miguuni na kuzamisha magurudumu. A* inaweza kuupokea ukweli huo, kwa sababu kila kipande cha ardhi hupewa gharama yake. Nyasi kavu iwe 1, na tope liwe 4 kwa jitu zito lakini 2 kwa mbwa mwepesi na bwana wake. Vipande 10 vya tope vitaligharimu jitu 40, kwa hiyo litachagua kuzunguka vipande 30 vya nyasi. Mbwa na bwana wake watakata katikati kwa gharama ya 20, na wakifika ng'ambo, adui bado ana theluthi nzima ya mzunguko mbele yake. Anayetunga gemu Konza anaweza kupima gharama hizo mwenyewe, kwa gamu buti, mvua za Novemba zikianza.