Mimba ya Tatu: Wasiwasi wa Wiki za Mwisho na la Kufanya

Mama anayetarajia mtoto wa tatu haulizwi mengi. Mtoto wa kwanza alipokuwa njiani, kila jioni kulikuwa na mtu wa kumjulia hali. Sasa majirani humwambia, "Wewe si mgeni wa jambo hili," na mazungumzo yanaishia hapo. Hata kliniki hujibu "niko sawa" kabla muuguzi hajamaliza swali, kwa kuwa foleni ni ndefu na nyumbani ameacha watoto wawili.

Usiku, watoto wakishalala, maswali hurudi. Uchungu ukianza saa nane za usiku nitafika hospitali? Mbona huyu hachezi kama wenzake? Nikivuja damu kama mara iliyopita? Na hawa wawili nitamwachia nani?

Makala haya yanaeleza ni mashaka gani ya wiki za mwisho ni ya kawaida, ni yapi yanayohitaji hatua ya haraka, na ni maandalizi gani yafanywe mapema hapa kwetu Kwale. Jambo la kukumbuka ni hili: kujifungua salama mara mbili ni jambo la kushukuru, lakini si hakikisho la mara ya tatu. Kila mimba hupimwa upya.

Mwili umebadilika

Misuli ya tumbo iliyobeba mimba mbili huwa imelegea. Ndiyo sababu tumbo la mara ya tatu huonekana kubwa mapema na kuning'inia, na mgongo na nyonga huuma zaidi. Maumivu hayo huchosha, lakini peke yake si ishara ya hatari.

Kulegea huko kuna matokeo mengine mawili. Kwanza, mtoto hupata nafasi ya kugeuka hata mwishoni, na anaweza kulala kimshazari au kutanguliza makalio. Kwa hivyo usikose kliniki ukifika wiki ya 36. Siku hiyo mkunga hupapasa tumbo kujua mtoto amelalaje, na bado kuna muda wa kupanga utakapojifungulia. Pili, kichwa cha mtoto kinaweza kukaa juu hadi uchungu uanze. Katika mimba ya kwanza kichwa hushuka wiki kadhaa kabla. Katika ya tatu, kutoshuka mapema ni jambo la kawaida, mradi mkunga amekupima.

Uchungu wa kweli na wa kupita

Akina mama wengi wa mimba ya tatu husema wamekuwa na uchungu wiki nzima. Tumbo hukaza, hulegea, kisha hutulia. Huo ni uchungu wa kupita. Hauna mpangilio, na aghalabu hupungua ukinywa maji, ukitembea kidogo au ukilala kwa ubavu.

Uchungu wa kweli huja kwa mpangilio. Muda kati ya mmoja na mwingine hupungua, nguvu huongezeka, na mara nyingi huanzia mgongoni kuja mbele. Kupumzika hakuuondoi. Ute wenye damu kidogo unaweza kutoka, au chupa ya maji ikapasuka. Lakini haya yote yakitokea kabla ya wiki ya 37, usikae kuhesabu. Nenda hospitali mara moja, kwani mtoto hajakomaa.

Hatari ya kuzoea uchungu wa kupita ni kuudharau wa kweli ukija. Na safari hii muda ni mfupi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2018 unaeleza kwamba uchungu ulioshika kasi, yaani tangu njia ifunguke sentimita 5, kwa kawaida hauzidi saa 12 kwa mzazi wa mara ya kwanza na saa 10 kwa aliyekwisha kuzaa. Hicho ni kiwango cha juu. Wengi wa mara ya tatu humaliza mapema zaidi, na wapo ambao huchukua saa chache tu.

Pima umbali kabla ya siku

Mkazi wa mjini Ukunda na mkazi wa Ndavaya hawawezi kuwa na mpango mmoja. Mvua za masika zinapokuwa kubwa, hasa mwezi wa Mei, baadhi ya barabara za ndani upande wa Kinango na Lunga Lunga hazipitiki kwa urahisi. Na anayepewa rufaa kwenda Hospitali Kuu ya Pwani lazima aingie kisiwani Mombasa, ama kwa feri ya Likoni ama kwa kuzunguka barabara ya Dongo Kundu.

Kwa hivyo, ukifika wiki ya 36 uwe na majibu ya maswali haya:

• Nitajifungulia wapi, na hospitali ya kukimbilia mambo yakiharibika ni ipi?
• Nani atanipeleka usiku? Weka nambari za watu wawili, si mmoja. Bodaboda anayelala mbali si mpango.
• Nambari ya ambulensi ni ipi? Iulize kliniki na uiandike nyuma ya Kijitabu cha Mama na Mtoto.
• Nani atabaki na watoto, na je, atakuja hata nikimwita saa tisa za usiku?

Ikiwa nyumbani ni mbali, au mtoto wako wa pili alizaliwa upesi, panga kukaa kwa ndugu aliye karibu na hospitali kuanzia wiki ya 38. Kama hilo haliwezekani, ondoka mara uchungu unaposhika mpangilio, bila kungoja uwe mkali. Chupa ikipasuka, ondoka hata kama huna uchungu. Ni afadhali kurudishwa nyumbani mara mbili kuliko kuzalia njiani mara moja.

Mtoto kupunguza kucheza

Husemwa sana kwamba mtoto akikaribia kuzaliwa hutulia kwa sababu nafasi imekwisha. Si kweli. Namna ya kucheza inaweza kubadilika, akawa anajinyoosha na kusukuma badala ya kupiga mateke, lakini hapaswi kupunguza kucheza.

Mama wa watoto wawili hukosa kugundua hili kwa urahisi, maana mchana kutwa yuko mbioni. Jioni, ukiwa na shaka, lala kwa ubavu wa kushoto na uhesabu. Usipohisi miondoko 10 ndani ya saa 2, au ukihisi tu kwamba leo si kama siku zote, nenda hospitali usiku huo huo. Usingoje asubuhi wala tarehe ya kliniki. Mkunga atasikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Akikuta yuko sawa, hukumsumbua mtu.

Damu kabla na baada ya kujifungua

Damu inayotoka ukeni kabla ya uchungu, hata bila maumivu, ni dharura.

Baada ya kujifungua, kutokwa na damu nyingi ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya wazazi nchini Kenya. Mara nyingi husababishwa na mji wa mimba kushindwa kukaza baada ya kondo la nyuma kutoka. Inaweza kumpata mama yeyote, hata asiyekuwa na dalili yoyote kabla. Hii ndiyo sababu kubwa ya kutojifungulia nyumbani hata kama wawili wa kwanza walizaliwa huko salama. Hospitalini mama hudungwa sindano ya kukaza mji wa mimba mara tu mtoto anapozaliwa, na damu ikizidi kuna dawa na watu wa kushughulika. Nyumbani, safari ya kutafuta msaada huanza damu ikiwa tayari inamwagika.

Wewe nawe una sehemu yako. Meza vidonge vya kuongeza damu kila siku hadi mwisho, hata kama vinakuchafua tumbo. Mwambie muuguzi akuelekeze namna ya kuvimeza. Omba kipimo cha damu kirudiwe wiki za mwisho. Kiwango kilicho chini ya 11 kinahesabiwa kuwa ni upungufu. Tena, kama ulivuja damu nyingi mara iliyopita, sema wazi hata usipoulizwa, ili ujifungulie penye damu ya kuongezwa.

Baada ya kujifungua utahisi tumbo likikatakata unaponyonyesha, zaidi ya mara ya kwanza. Hilo ni la kawaida. Ni mji wa mimba unaokaza.

Yaliyopita hayaachwi nje

Uliwahi kupasuliwa? Zahanati siyo mahali pako pa kujifungulia. Kovu linaweza kuachia wakati wa uchungu. Aliyepasuliwa mara moja anaweza kuruhusiwa kujaribu njia ya kawaida, lakini katika hospitali yenye chumba cha upasuaji, kama ile ya rufaa ya Msambweni. Aliyepasuliwa mara mbili kwa kawaida hupangiwa siku ya upasuaji.

Uliwahi kuwa na presha ya mimba? Inaweza kurudi. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi hakipuuzwi.

Kundi lako la damu ni hasi, yaani Rhesus negativu? Uliza kama ulipata sindano yake katika mimba zilizotangulia, na upangiwe ya safari hii.

Tarehe ikipita

Tarehe iliyoandikwa kwenye kijitabu ni makadirio ya wiki 40. Ni wachache wanaojifungua siku hiyo hasa. Lakini usikae nyumbani ukingoja tu. Ukitimiza wiki 41 unapaswa kuwa umeonwa hospitalini, kwani hapo ndipo huamuliwa kama uchungu uanzishwe kwa dawa.

Uchungu usianzishwe kwa mitishamba. Dawa hizo hazina kipimo. Zinaweza kukaza mji wa mimba kupita kiasi, zikamnyima mtoto hewa au kupasua mji wenyewe, hasa kwa aliyewahi kupasuliwa. Mkunga wa jadi unayemwamini bado ana nafasi yake. Mwombe akusindikize hospitali na akushike mkono.

Usingoje ukiona mojawapo ya haya

• Damu kutoka ukeni
• Mtoto kupunguza au kuacha kucheza
• Kichwa kuuma sana, kuona ukungu au nyota machoni, au uso na mikono kuvimba
• Degedege au kuzimia
• Homa
• Maumivu makali ya tumbo yasiyoachia
• Chupa kupasuka, hasa maji yakiwa ya kijani au yenye harufu
• Kuhema kwa shida

Dalili moja inatosha kukutoa nyumbani.

Kwa baba na jamaa

Kazi yenu huanza kabla ya uchungu. Jisajilini katika Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kupiga *147#, na mhakikishe mchango umelipwa, maana usajili peke yake hautoshi kugharamia kujifungua hospitalini. Ulizeni mapema mahali mlipochagua ni nini kinalipiwa. Wekeni nauli pembeni. Tafuteni ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

Mkoba uwe tayari mlangoni: kijitabu, kitambulisho, leso safi, pedi, nguo za mtoto, sabuni na simu yenye chaji. Na ukiambiwa "twende", usiulize, "Una hakika?" Ita gari.

Moyo nao huchoka

Mama wengine huona aibu kusema kwamba wanaogopa kufa na kuacha wadogo, au kwamba hawajui watampenda vipi wa tatu ilhali mikono imejaa. Mawazo hayo hayamfanyi kuwa mama mbaya. Lakini huzuni, kilio au kukosa usingizi kukiendelea zaidi ya wiki mbili, ni jambo la kuambiwa muuguzi kama vile presha inavyoambiwa. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu leo.

Wazee walisema mficha uchi hazai. Ziara ijayo ya kliniki, au siku mhamasishaji wa afya ya jamii atakapobisha hodi, usijibu "niko sawa" kwa mazoea. Andika maswali yako kwenye karatasi usiku yanapokujia, uende nayo, na usiinuke kitini kabla hayajajibiwa. Huduma hiyo ni haki yako kwa mtoto wa tatu kama ilivyokuwa kwa wa kwanza.