Dakika nne baada ya Alfajiri

Mtu wa pwani afikapo Kisumu hupokewa na joto alilodhani ameliacha Mombasa, na harufu ya samaki inayomkumbusha kwao. Mimi nilipokwenda huko kumjulia hali mjomba wangu, anayekaa mtaa wa Manyatta Arab, nilipokewa na jambo jingine ambalo sikulitarajia hata kidogo, nalo ni kishindo.

Ilikuwa yapata saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Tulikuwa tumerudi msikitini kuswali Alfajiri, nami nimejinyoosha kidogo nikingoja chai. Mara nikasikia uani, tu! tu! tu! Nikatoka mbio nikidhani kuna mtu ameanguka. Kumbe ni mjomba, mtu wa miaka 63, kavaa fulana na suruali ya kulalia, anakimbia papo hapo huku magoti yakipanda hadi kiunoni! Akasimama, akahema, macho kwenye saa. Kisha akaanza kuchuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, mbio mbio kama anayefukuzwa. Akahema tena.

"Mjomba, kuna nini?" nikamwuliza.

Hakunijibu. Aliniashiria kwa kidole ningoje. Alipomaliza, jasho likimtiririka, ndipo aliposema: "Dakika nne, mwanangu. Sasa twende tukanywe chai. Yangu haina sukari."

Sukari hiyo ndiyo iliyoanza kisa chote. Kaka yake mkubwa, Mungu amrehemu, alikatwa mguu kwa ugonjwa wa sukari, na baada ya hapo hakumaliza mwaka. Haukupita muda mrefu mjomba naye akapimwa, akaambiwa sukari inapanda na presha inapanda. Alishauriwa kutembea kwa miguu saa nzima kila siku. Akatembea siku tatu. Siku ya nne palikuwa na mzigo wa kupokea dukani, siku ya tano mvua, na siku ya sita akasahau kabisa.

Wengi wetu tungefanya vivyo hivyo. Na wala si uvivu mtupu, kwani maisha yenyewe yamebadilika. Kisumu ulikuwa mji uliosifika kwa baiskeli za bodaboda, abiria akiketi nyuma kwenye kiti cha sponji na dereva akitafuna njia kwa nguvu za mapaja yake. Mjomba mwenyewe alikuwa na baiskeli aliyoiendesha hadi dukani kwake, karibu na soko la Kibuye. Leo bodaboda ni pikipiki, na asiyeitaka pikipiki hupanda tuktuk. Ukienda ufuo wa Dunga utawaona wavuvi wakikokota mashua nchi kavu baada ya usiku kucha wa kuvua omena. Hao hawahitaji kufundishwa mazoezi. Mhitaji ni mwenye duka, karani na dereva, ambaye toka asubuhi hadi Isha kazi yake ni kuketi. Nasi wa Mombasa tusiwacheke, kwani kama si hamali wala mvuta mkokoteni, wewe nawe u katika kundi hilo. Uchunguzi uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu.

HESABU YA MJAPANI

Mjomba aliipata wapi hesabu ya dakika nne? Alifundishwa na mwanawe. Asili yake ni Japani, ambako kocha Irisawa Koichi aliwafanyisha zoezi hilo wachezaji wa mbio za kuteleza juu ya barafu. Mtaalamu Izumi Tabata akalichunguza, na mwaka 1996 akachapisha matokeo. Vijana waliendesha baiskeli isiyokwenda kwa sekunde 20 kwa nguvu zao zote, wakapumzika sekunde 10, wakarudia hivyo mara saba hadi nane. Muda wake haufikii hata dakika nne. Baada ya wiki sita, uwezo wa miili yao kutumia hewa ulipanda kwa kiasi cha asilimia 14. Kundi jingine lililoendesha polepole kwa saa nzima, siku tano kwa wiki, halikuwashinda.

Lakini tusidanganyane. Wale walikuwa vijana wanamichezo, na walijikaza hadi kushindwa. Mzee wa miaka 63 hawezi kuwaiga, wala hatakiwi. Alichochukua mjomba ni kipimo cha muda tu.

Kwa mtu wa kawaida kuna habari nyingine ya kutia moyo. Mwaka 2022 ilichapishwa taarifa ya watu zaidi ya 25,000 wa Uingereza waliosema hawafanyi mazoezi, waliovishwa vipimo mkononi. Waliokuwa na pilikapilika za kuwafanya wahemewe, kama kupanda ngazi kwa haraka au kukimbilia basi, dakika moja au mbili mara tatu kwa siku, walikufa kwa uchache zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wasiohemewa kabisa. Jambo hilo peke yake si ushahidi kamili, lakini Shirika la Afya Duniani nalo, mwaka 2020, liliacha kusema kwamba zoezi lisilofika dakika kumi halihesabiwi.

KIDOGO KIDUMUCHO

Ugumu basi hauko katika miguu. Uko katika kukumbuka na kudumu. Mjomba aliwahi kushindwa kutembea kwa sababu matembezi hayakuwa na mahali pake katika siku. Dakika nne alizifunga kwenye jambo asiloliacha, yaani kurudi kutoka Alfajiri. Akivua kanzu tu, anaanza. Na hakuanza na nne. Wiki mbili za kwanza alifanya dakika moja peke yake.

Watafiti wa London, katika matokeo ya mwaka 2010, waliwafuata watu 96 waliojaribu kujenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 hadi jambo kufanyika lenyewe bila kulazimishwa, wengine siku 18, wengine zaidi ya 200. Tena waliona kwamba kukosa siku moja hakuharibu kitu. Sisi Waislamu hili si geni kwetu, kwani tumefundishwa na Mtume (s.a.w.) kwamba amali ipendezayo zaidi ni ile idumuyo, hata ikiwa ndogo.

Yapo ya kuangaliwa. Mwenye presha, moyo au sukari amwone daktari kwanza, hasa akiwa anatumia dawa za kushusha sukari, kwani tumbo tupu na kazi nzito huweza kumwangusha. Kifua kikibana au kichwa kikizunguka, acha papo hapo. Mwezi wa Ramadhani mjomba hungoja baada ya futari kuteremka.

Niliporudi Mombasa nilitaka kumshinda. Nikaanza na robo saa, na pushapu na kuruka kichurachura. Siku ya nne sikuweza kushuka ngazi, na siku ya tano sikuamka. Nikampigia simu kumweleza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeanza na mlima, mwanangu. Anza na kizingiti."

Nikaanza upya na dakika moja. Leo ni siku ya 41, na nimezikosa tatu. Mke wangu aliyekuwa akinicheka sasa hufunga leso kiunoni, na asubuhi vishindo uani kwetu ni vya watu wawili. Nawe msomaji, kesho urudipo kutoka Alfajiri, kabla hujaketi kungoja chai, jaribu dakika hiyo moja.