Windows, Linux au Mac? Kuchagua mfumo wa kompyuta ya nyumbani na ya parokia

Wengi wenu mmeona kwenye kompyuta zenu ujumbe unaosema kwamba Windows 10 imefika mwisho wake. Ujumbe huo ni wa kweli. Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imeacha kutuma masahihisho ya usalama ya kawaida kwa Windows 10. Walioandikisha kompyuta zao kwa muda wa nyongeza wanaendelea kuyapata, lakini nao wanafika mwisho tarehe 13 Oktoba 2026. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Inawaka, inaandika na kuchapa kama jana. Tatizo ni kwamba wezi wa mtandaoni wakigundua tundu jipya ndani yake, hakuna tena anayeliziba.

Ndiyo maana swali hili linarudi katika nyumba nyingi na katika ofisi za parokia: tununue kompyuta mpya, tulazimishe ile ya zamani ipokee Windows 11, au tuhamie mfumo mwingine? Tunataka kulijibu tukiangalia maisha ya hapa kwetu mashariki, ambapo umeme unakuja na kwenda, mega zinanunuliwa kidogo kidogo, na kompyuta nyingi ni za okazi, zimefanya kazi miaka mingi katika ofisi za Ulaya au Marekani kabla ya kufika sokoni Goma, Bukavu, Butembo au Bunia.

Kwanza tuelewane juu ya neno. Mfumo, ambao kwa Kifaransa tunauita système d'exploitation, ni programu kubwa inayoamka kwanza unapowasha mashine, nayo ndiyo inayoamrisha diski, kioo, kibodi na printa. Word, Excel na programu ya kuonyesha nyimbo hukaa juu yake. Kwa hiyo mashine moja ileile inaweza kubeba Windows leo na Linux kesho. Watu wengi hufikiri kwamba Windows ni sehemu ya kompyuta kama kibodi ilivyo, na ndipo wanapoanza kutumia pesa bila sababu.

Tuanze na Windows, kwa kuwa ndiyo inayojulikana. Ilitoka mara ya kwanza mwaka 1985, na leo karibu kila sekretaria ya umma, kila shule na kila fundi wa mtaa anaifahamu. Hiyo si faida ndogo. Kompyuta ikikwama Jumamosi jioni na mahubiri ya kesho yamo ndani yake, fundi aliye karibu ana thamani kuliko mfumo mzuri usio na mwenye kuujua. Tena kuna kazi zinazoidai Windows yenyewe. Wafadhili wengi hutuma fomu za Excel zenye hesabu zilizofungwa ndani, na fomu hizo mara nyingi huharibika zikifunguliwa na programu nyingine. Programu ya EasyWorship, ambayo makanisa mengi huitumia kuonyesha nyimbo ukutani, inafanya kazi kwenye Windows tu.

Lakini Windows 11 haipokei kila mashine. Inadai RAM ya GB 4 na diski ya GB 64 angalau, kipande kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya Microsoft. Hapo ndipo kompyuta nyingi za okazi huanguka. Kwa zile za Intel, orodha huanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, isipokuwa chache sana. Kizazi hicho unaweza kukisoma mwenyewe. Bofya kwa upande wa kulia juu ya « Ce PC », chagua « Propriétés », uangalie jina la prosesa. Ukiona i5-6200U, ile 6 inayofuata kistari ndiyo kizazi: ni cha sita, haipiti. Ukiona i5-8250U, ni cha nane, inapita. Ikiwa namba ni i5-10210U, soma 10. Kwa hiyo HP EliteBook 840 G3 au Dell Latitude E7470, ambazo tunaziona sana, hazimo. EliteBook 840 G5 na ThinkPad T480 mara nyingi zimo. Muuzaji akikuambia « ni Core i5 » bila zaidi, hajakuambia kitu bado. Omba aiwashe usome namba kabla ya kutoa dola.

Wapo mafundi wanaolazimisha Windows 11 iingie katika mashine isiyokubaliwa. Inawezekana, na mara nyingi inawaka vizuri. Ila Microsoft yenyewe inasema haiahidi kwamba mashine hiyo itaendelea kupata masahihisho, nawe ulikuwa unayatafuta hayo.

Kuna jambo lingine ambalo tukilinyamazia hatutakuwa tumewasaidia. Windows ni mali inayouzwa. Windows 11 Home ikinunuliwa peke yake ni dola 139 kwa bei ya Marekani, na Office hulipiwa kando. Hapa kwetu wengi hawajalipa hata senti, wanatumia ile iliyofunguliwa kwa « crack ». Tunajua sababu: dola 139 ni karo ya mtoto. Lakini angalia namna inavyofanywa. Kabla ya kuweka crack, fundi huzima kwanza antivirusi, kwa sababu antivirusi inaipigia kelele. Programu hiyo isiyojulikana aliyeitengeneza inapewa funguo zote za kompyuta, na ndani ya kompyuta hiyo kuna majina ya washirika, hesabu ya sadaka, na neno la siri la barua pepe la mchungaji. Mara nyingi virusi huingia kwa mlango huohuo. Kanisa linalofundisha watoto amri ya nane lingefaa kujua kwamba leo kuna njia ya kutotumia kitu cha wizi bila kulipa pesa ambayo hatuna. Habari njema kidogo: kompyuta nyingi za okazi zilizotoka ofisini zilinunuliwa zikiwa na Windows halali, na leseni hiyo imefungwa katika mashine yenyewe. Fundi akiweka upya toleo lilelile la Windows bila crack, mara nyingi hujitambua lenyewe likiunganishwa na intaneti. Mwombe ajaribu hivyo kwanza.

Juu ya mega: Windows hupenda kushusha masasisho, yaani mise à jour, bila kuomba ruhusa, na forfait ya wiki inaweza kuisha usiku mmoja. Ukiwa umeunganisha simu kama modemu, ingia katika « Paramètres », kwenye mtandao unaoutumia, uwashe « Connexion limitée ». Itapunguza sana.

Mac hatutaikalia muda mrefu. Ni mashine nzuri. Tangu mwishoni mwa 2020 Apple inatumia prosesa zake yenyewe, na betri ya MacBook Air ya M1 huvumilia siku nzima ya kazi ikiwa bado nzima, jambo ambalo kwetu si dogo. Lakini bei yake ni ya juu, RAM imeunganishwa moja kwa moja kwenye kadi kuu hata haiwezi kuongezwa, na mafundi wenye vipuri vyake ni wachache hata mjini. Anayepelekewa moja na ndugu aliye Ulaya aipokee kwa shukrani. Anayetaka kununua ya zamani yenye prosesa ya Intel ajue kwamba Apple imetangaza kuwa macOS 26, iliyotoka 2025, ni ya mwisho kwa mashine hizo. Na zile mashine za Chromebook, pamoja na mfumo wake wa ChromeOS, zilitengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye intaneti haikatiki kwake. Sisi tungemshauri aliye Walikale au Mwenga azipite.

Inabaki Linux, na hapa tunaomba uvumilivu wenu, kwa sababu ndiyo isiyojulikana. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, aliandika kiini cha mfumo akakiweka wazi kusudi kila mtu akitumie, akisome na kukirekebisha. Wengine wakajenga juu yake. Ikiwa unasoma haya kwenye simu ya Android, tayari unatumia kiini hicho. Kwa kompyuta kuna matoleo mengi yenye majina tofauti. Ubuntu lilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu « utu ». Linux Mint lilijengwa juu ya Ubuntu, na lina menyu chini upande wa kushoto kama Windows ya zamani. Kwa anayeanza, sisi tunachagua Mint bila kusitasita. Yote mawili ni bure, na sheria inakuruhusu kuyanakili na kumpa jirani. Hilo lina maana kubwa kwetu: faili lake lina karibu GB 3, lakini mtu mmoja akilishusha, parokia kumi zinaweza kulichukua kwa flashi bila kutumia mega hata moja.

Linux Mint inadai RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndizo zinazofaa. Ile EliteBook G3 iliyokataliwa na Windows 11 inaibeba bila shida. Virusi vile vya flashi vinavyogeuza mafaili yote kuwa « raccourci » haviwezi kufanya kazi ndani yake. Ila viko palepale kwenye flashi, na ukiipeleka sekretaria ya umma vitaendelea na safari yao. Masasisho yanakungoja: dirisha linakuonyesha uzito wa kila kimoja, nawe unachagua siku ya kuyashusha.

Kwa kuandika kuna LibreOffice, ambayo inakuja pamoja na Mint. Inafungua na kuhifadhi mafaili ya Word. Barua, ripoti na orodha za kawaida hupita vizuri. Mwanafunzi anayeandika TFC asiogope kwa sababu haoni Times New Roman: herufi za Liberation Serif zina upana uleule, kurasa hazitahama. Lakini kazi yenye majedwali mengi na picha inaweza kupinda kidogo ikifunguliwa na Word ya mwalimu, kwa hiyo nakala ya mwisho itolewe katika PDF. Kwa nyimbo kuna OpenLP, ya bure, inayofanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Printa nyingi za HP hutambuliwa mara moja. Baadhi ya printa ndogo za Canon husumbua, zijaribiwe kabla ya kuamua.

Udhaifu wake mkubwa hapa kwetu ni watu. Mtaani utapata mafundi wengi wa Windows kabla ya kumpata mmoja anayejua Linux, na wengine watakuambia haifai kwa sababu tu hawaijui. Kwa hiyo tusingemshauri mama mwenye duka dogo aliye peke yake kijijini ahamie Linux kama hakuna hata kijana mmoja karibu anayeweza kumwongoza.

Hivi ndivyo tunavyoona. Ikiwa kompyuta yako ni ya kizazi cha 8 au zaidi na leseni yake ni halali, baki na Windows, pandisha hadi 11, usihangaike. Mhasibu anayejaza fomu za wafadhili naye abaki Windows, na parokia itafute pesa za kuilipia, kwani ni chombo cha kazi kama jenereta. Lakini kompyuta ya zamani ya nyumbani, ya watoto kusomea, ya kuandikia mahubiri na barua, ya kutazama video na kusoma habari, hiyo tunaona ipewe Linux Mint badala ya kuachwa na Windows 10 yenye crack. Na kabla ya kubadili chochote, kama mashine ni nzito sana, uliza bei ya diski ya SSD. Mara nyingi uzito huo unatoka katika diski ya kuzunguka, si katika mfumo.

Uzuri ni kwamba unaweza kuijaribu bila kugusa kilichomo. Chukua flashi tupu ya GB 8, uandike faili la Mint ndani yake kwa programu ya Rufus. Zima kompyuta, ichomeke flashi, iwashe ukibonyeza F12 mara nyingi kwa Dell na Lenovo, au F9 kwa HP, uchague flashi. Mint itaamka kutoka kwenye flashi. Itakuwa polepole, lakini utaona kama Wi-Fi inashika, kama sauti inatoka, kama printa inakubali. Ukizima na kuondoa flashi, Windows yako inarudi ilivyokuwa.

Ukiridhika, nakili kwanza mafaili yako yote kwenye diski ya nje, na rejista ya washirika uiweke mahali pawili. Wakati wa kuiweka utaulizwa maswali machache. « Effacer le disque » inafuta kila kitu, kabisa. « Installer à côté de Windows » inaacha mifumo yote miwili, nawe unachagua mmoja kila unapowasha. Kwa miezi ya kwanza ndiyo njia ya amani. Chagua Kifaransa kama lugha, halafu utazame herufi za kibodi yako kabla ya kubonyeza « Continuer ». Mashine nyingi za okazi zilizotoka Marekani zina QWERTY, na ukichagua AZERTY kwa mazoea, neno lako la siri litaandikwa na herufi usizozitarajia.