Baada ya Kisu Huja Msiba

Juma hili nimepokea barua ya mzazi mmoja mwenye hasira. Amemkuta binti yake wa miaka 14 akisoma riwaya ya Kimarekani ambamo vijana wanachomana visu. Amemnyang'anya, akaifungia kabatini, na sasa ananitaka nivikemee vitabu vya namna hiyo. Kitabu chenyewe nakifahamu. Namwomba mzazi huyu anisikilize kwanza, kisha aamue kuhusu ufunguo wa kabati lake.

Kitabu hicho ni The Outsiders, yaani watu waliotengwa, kilichotolewa mwaka 1967. Mwandishi wake hakuwa mzee anayebuni vitisho ili apate fedha. Alikuwa mwanafunzi, Susan Eloise Hinton, wa mji wa Tulsa katika jimbo la Oklahoma. Alianza kukiandika akiwa na miaka 15, akiwa amekasirishwa na kisa cha rafiki yake aliyepigwa na vijana wenzake njiani akitoka sinema. Katika kipindi hicho baba yake alikuwa akiugua saratani ya ubongo, ugonjwa uliomwua. Kitabu kilipotoka binti huyu alikuwa na miaka 18. Jalada lilibeba jina S.E. Hinton tu, kwa kuhofia kwamba wahakiki wa kiume wangemdharau msichana anayesimulia mapigano ya wavulana.

Msimulizi ni Ponyboy, mvulana wa miaka 14. Wazazi wake walikufa katika ajali ya gari, naye analelewa na kaka yake mkubwa mwenye miaka 20. Wao na rafiki zao wanaitwa Greasers, vijana wa mitaa ya kimaskini wanaopaka nywele mafuta. Mahasimu wao ni Socs, watoto wa wenye nacho. Usiku mmoja Socs wanamkamata Ponyboy bustanini na kumzamisha kichwa majini. Rafiki yake Johnny, mwenye miaka 16, anaona mwenzake anakufa. Anatoa kisu na kumwua mmoja wao, Bob. Wawili hao wanakimbia na kujificha katika kanisa lililohamwa. Baada ya siku chache kanisa linashika moto na watoto wamo ndani. Wanaingia kuwaokoa, Johnny anaangukiwa na boriti na kuvunjika mgongo.

Hadithi nyingi za mapambano huishia adui anapoanguka. Hii inaendelea. Greasers wanashinda pigano kubwa la makundi, na usiku ule ule Johnny anakata roho hospitalini. Dally, ambaye wote walimdhani hana moyo, anashindwa kuustahimili msiba. Anapora duka, kisha anawanyooshea polisi bastola isiyo na risasi, nao wanampiga na kumwua. Ponyboy mwenyewe anaugua, na anapopata nafuu akili yake inakataa ukweli: anasema Johnny hajafa, na kwamba yeye ndiye aliyeshika kisu. Aliyewahi kufiwa ataelewa. Moyo hutafuta mlango wa kutokea, hata kama mlango wenyewe ni uongo.

Wala mwandishi hawalilii wa upande mmoja tu. Randy, rafiki wa Bob, anakataa kwenda kwenye pigano. Anamwambia Ponyboy kwamba hata Greasers wakishinda, maskini watabaki chini na matajiri juu. Naye amefiwa. Msomaji aliyefurahia kuanguka kwa Bob anajikuta ameinamisha kichwa.

Kuna jambo moja dogo linalonigusa zaidi. Baada ya vifo hivyo, Socs wanamfuata Ponyboy. Anavunja chupa ya soda na kuwaelekezea vigae, wanaondoka. Rafiki yake anashtuka, akidhani Ponyboy naye amekuwa katili. Kisha anamwona anainama na kuokota vigae vile, ili gari la mtu lisije likatobolewa tairi. Naam, kijana huyu bado hajapotea.

Kitabu hiki kimepingwa sana huko kwao. Chama cha Maktaba cha Marekani kilikiorodhesha miongoni mwa vitabu 100 vilivyolalamikiwa zaidi kati ya mwaka 1990 na 1999. Lakini pia walimu wengi wamekifundisha madarasani, na ni barua ya wanafunzi wa shule moja ya California iliyomfanya Francis Ford Coppola akitengenezee filamu, iliyotoka mwaka 1983.

Kwa nini vijana wanakipenda? Nadhani kwa sababu hakiwadanganyi. Mtoto wa miaka 14 anajua kuwa visu vipo. Asilolijua ni uzito wa siku zinazofuata: kitanda kitupu, masomo yanayoporomoka, hatia isiyoondoka. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kitabu hiki kinamleta mjukuu huyo mapema, kabla kijana hajashika kisu.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, fungua kabati. Kisome wewe kwanza, kisha umrudishie binti yako. Akimaliza, usimwulize nani alishinda. Mwulize amemlilia nani, na kama amemlilia Bob pia.